Bustani yangu imeingia kanisani kabla yangu

Leo nimemtukana mama yangu mzazi kanisani bila kujua.

Ni Jumapili ya Matawi hapa Chonyonyo. Katekista kanipa tawi, likanichoma kidole. Nikasema kwa sauti, "Aliyeleta matawi ya miiba hivi hampendi Yesu!"

Watu wakacheka. Mama, aliyekaa pembeni yangu, hakucheka.

Nikaliangalia lile tawi vizuri.

Jamani. Ni la saikadi!

Mnanijua na saikadi zangu: mimea ya kale inayofanana na minazi mifupi, na kukua kwake ni kwa kubembelezwa. Nina aina tatu. Zote nilizipanda kwa mbegu, nikasubiri miaka.

Hilo la miiba ni la aina ya Uganda. Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa anapunga la kibluu, aina ya Msumbiji. Watoto wanachapana na lile laini la Pwani.

Afrika nzima inaimba Hosana, nyumbani kwangu vimebaki visiki!

"Mama, umewapa saikadi zangu?"

"Waitu mwanangu, mikindu ya bondeni imekwisha. Na si wewe unayesema kila siku kwamba hii ni mimea ya zamani sana? Nikajua ndiyo ile ile aliyopungiwa Yesu."

Kabla sijajibu, padre akaomba aliyetoa matawi asimame apigiwe makofi.

Mama akanipiga kiwiko.

Nikasimama. Nikapunga.

Wewe ungebaki umekaa?