Sikutulia, Nilitulizwa

Wifi yangu hawezi kusoma bila kalamu mkononi. Nimemshuhudia akisahihisha maelezo ya chupa ya dawa ya kikohozi, yuko kitandani, homa imempanda, anatikisa kichwa kwa huruma utadhani anayeumwa ni yule aliyeyaandika. Kaka yangu alipokuwa anamchumbia alimwandikia, "Nakupenda sana mno." Karatasi ikarudi, "mno" imekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni pameandikwa: "Moja latosha. Nimekubali." Tangu hapo kaka yangu hasemi "mno" hata akiwa na njaa.

Watoto wake wanamwita Mama Koma. Koma ndiyo kazi yake, na "Koma!" ndilo neno lake akimkuta mtu anachezea karatasi zake. Jina hilo limefika hadi ofisini, na sitasema nani alilipeleka.

Tunafanya kazi pamoja katika jarida la madaktari wa magonjwa ya akili. Tuna vyumba viwili juu ya duka la dawa, feni inayozunguka ikijisikia, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Yeye ni mhariri wa lugha, mimi napanga kurasa kwenye kompyuta. Madaktari wanaleta makala zenye sentensi ndefu zisizo na pa kupumulia, yeye anazinyoosha, mimi nazipanga, kiwanda kinachapa. Ana kanuni moja ambayo kila mwandishi wetu anaijua kwa maumivu: sentensi isimfiche mtendaji. Ukiandika "dawa iliongezwa", anakurudishia kwa wino mwekundu: "Na nani?" Madaktari wazima, wenye mvi zao, hunipigia simu wakinong'ona, "Dada, ameamkaje leo?"

Jambo moja lilikuwa likimkera kuliko sentensi mbovu, nalo ni ukimya wa jarida lenyewe. Mkubwa akiandika, wadogo wanapongeza. Anayepinga anapinga kwenye ngazi, wakati wa kuondoka, na sauti chini.

"Jarida gani hili halina ugomvi?" wifi alikuwa akifoka. "Watu wanatibu akili za wenzao, halafu hawana hata jambo moja la kubishania?"

Akamwandama Mhariri Mkuu, daktari mpole anayeogopa hata simu ikilia, mpaka akakubali tuwe na ukurasa wa majibu. Yeyote aliyesoma makala aijibu, na aliyejibiwa naye ajibu. Tukautangaza, tukasubiri tukiwa na roho juu.

Jibu la kwanza halikutoka kwa daktari. Lilitoka kwa mwalimu wa hesabu.

Ilikuwa hivi. Profesa, bingwa aliyewafundisha nusu ya waandishi wetu na mjumbe wa bodi ya jarida, alikuwa ameandika makala kuhusu chumba cha utulivu. Hilo ni jina la heshima. Ni chumba ambamo mgonjwa aliyechachamaa hufungiwa peke yake. Profesa aliandika kwamba wagonjwa wengi hutulia humo bila shida yoyote. Sasa huyo Mwalimu aliwahi kulazwa katika wodi ya Profesa mwenyewe, akapata nafuu, akarudi kufundisha. Alipoisoma makala ile akaketi, akajibu kwa kurasa mbili. Ya kwanza niliisoma nimesimama, ya pili ilibidi nitafute kiti.

Alieleza kwamba wodini alikuwa mtu wa maswali: dawa hii ya nini, mlango unafungwa kwa nini. Wakamwita mbishi, na ubishi wake ukahesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa. Akibisha, dozi inapanda. Akinyamaza, wanafurahi kwamba anapona. "Naomba niulize," alimalizia. "Leo nikibisha humu, mtaona hoja au mtaona dalili? Na kuhusu chumba kile: sikutulia. Nilitulizwa."

Wifi alisoma, akainuka, akaizunguka meza, akarudi kukaa.

"Wifi," aliniambia, "hili linatoka. Lote kama lilivyo. Mtu huyu hajawahi kujibiwa hata siku moja, amepewa vidonge tu!"

Nilimpenda sana dakika ile, na mimi si mtu wa kumsifu wifi ovyo.

Siku ya kupeleka kurasa kiwandani, asubuhi, mlango ukafunguliwa na Profesa, aliyekuwa ameonyeshwa jibu lile kama mjumbe wa bodi, akaingia bila kupiga hodi. Ni mrefu, koti limepigwa pasi, sauti ni ya mtu aliyezoea kumbi. Mhariri Mkuu alikuja nyuma yake akijifuta jasho. Nikajua mambo yameiva.

"Mimi sipingi mjadala," Profesa alianza. "Nasema tu kwamba mgonjwa hawezi kujadili matibabu yake kwenye jarida la kitaalamu. Hata kwake si haki."

"Profesa, unakubaliana na aliyoyaandika?" wifi akauliza.

"Hata kidogo!"

"Basi mahali pake ni hapa hapa. Angekuwa anakusifu ningemrudishia, maana nafasi yetu ni ndogo."

Mhariri Mkuu alikohoa, lakini mimi nakijua kicheko kikijifanya kikohozi. Kisha, jambo la ajabu, yule mpole akasema, "Ukurasa wa majibu tuliutangaza wenyewe, Profesa. Hatukuandika kuwa ni wa madaktari tu." Nilitaka kumkumbatia.

Profesa akakaa. Akaisoma karatasi ya Mwalimu tena, taratibu, halafu akatabasamu.

"Sawa, itoke. Lakini kanuni zenu zifuatwe. Hapa ameandika 'nilitulizwa'. Mtendaji yuko wapi? Mama, makala zangu umezichana miaka yote kwa kosa hili hili. Andika 'nilitulia', tumalize."

Loo, alimshika pabaya! Kanuni ilikuwa ya wifi mwenyewe, hawezi kuikana. Na ukilibadilisha neno lile, Mwalimu anasimama mbele ya madaktari wote akisema, "Sikutulia. Nilitulia." Nani atamwona mzima? Watacheka, watatikisa kichwa, watasema maskini, bado. Maisha yake yote ya kubisha yangeishia hapo, kwenye ukurasa nilioupanga mimi.

"Kanuni ni kanuni," wifi alisema mwishowe, na nikatamani kumfinya. "Mtendaji atajwe. Lakini 'nilitulia' ni kitenzi kingine, Profesa, nacho hakimtaji aliyemtuliza." Akamsogezea karatasi na kalamu yake nyekundu, kalamu ambayo sijawahi kuona akimpa mtu. "Nisaidie wewe. Mimi sikuwepo."

Hakuwa anamkejeli. Naijua kejeli yake, nimeila miaka mingi. Alikuwa amekwama kweli.

Profesa akachukua kalamu kwa haraka ya mtu mwenye safari. Akakata "nilitulizwa". Juu yake akaandika "Profesa", kisha mkono ukasimama. Tukasubiri. Feni ikakwaruza. Akamalizia kwa maandishi madogo na kuyasoma kama anayejaribu sauti ya mtu mwingine: "Profesa alinituliza."

"Ni kweli," alisema. "Nilimchoma sindano juu ya sindano. Niliona namsaidia, na bado naona hivyo. Lakini kutulia, hakutulia." Akalirudisha neno la Mwalimu kwa mkono wake, akatuwekea kalamu mezani. Ghafla uso ukamchangamka, akapiga meza kwa kiganja. "Iacheni kama alivyoandika! Na mniwekee nafasi toleo lijalo. Nina mengi ya kumjibu huyu bwana. Kwenye habari ya dozi amekosea, amekosea kabisa!"

Alitoka akiwa tayari anaongea peke yake, anapanga hoja kwa vidole. Nusura nipige vigelegele. Mhariri Mkuu aliketi kwenye kiti changu na kuomba maji. Nikatuma kurasa kiwandani, na wifi akampigia Mwalimu, akaweka simu kwenye spika ili nami nisikie.

"Mwalimu, jibu lako linatoka. Hatujagusa hata neno."

Akauliza kwa tahadhari, "Profesa ameliona?"

"Ameliona. Hakubaliani nawe. Atakujibu toleo lijalo, anasema habari ya dozi umekosea."

Wifi akaniangalia, akajing'ata mdomo. Tulidhani tumemvunja moyo.

"Amesema nimekosea?"

"Ndivyo alivyosema."

"Hakusema naumwa?"

"Hapana, Mwalimu. Amesema umekosea."

Tukasikia kiti kikianguka, na mtu anakimbia na simu mkononi, anacheka, analia, hatukuweza kutofautisha.

"Mama watoto!" alikuwa anaita. "Mama watoto, njoo usikie! Profesa anasema nimekosea!"