Nilivunja Salongo Ili Mtu Wetu Apite

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usipoteze muda kumtafuta mkosaji mwingine humu ndani. Kuna mwanasiasa katika habari hii, naye nitamsema vya kutosha, lakini yeye alitoa mdomo tu. Maneno yalikuwa yangu.

Jina langu silitoi. Wanaonifahamu hapa Kasongo watanitambua tu, na watacheka. Wana haki.

Nilizaliwa katika kijiji kilicho kando ya barabara inayotoka Kasongo kuelekea upande wa Wamaza. Nilisomea siasa na utawala chuo kikuu, nikamaliza, nikarudi na diploma ndani ya bahasha ya plastiki. Bahasha hiyo iliingia ofisi nyingi kuliko nilivyowahi kuingia kanisani. Mwishowe nikapewa saa chache za kufundisha sekondari, na mshahara ambao kila mwezi uliambiwa uko njiani.

Nikabaki na kazi niliyoipenda tangu utotoni: kuuliza. Nilimuuliza katekista, nilimuuliza shehe, niliwauliza maprofesa mpaka wakachoka na mkono wangu uliokuwa juu siku zote. Nilidhani mtu anayehoji kila kitu hawezi kudanganywa. Sikuwahi kujiuliza kama anaweza kudanganya.

Sasa sikia salongo ni nini kwetu. Barabara ile haitengenezwi na mtu wa serikali. Kila Alhamisi asubuhi kapita, yaani msimamizi wa kijiji, hugonga chuma cha gurudumu la lori kilichotundikwa karibu na nyumba yake, na kila nyumba hutoa mtu mmoja na jembe au panga. Wanaziba mashimo, wanafungua mifereji, na kabla ya mvua kubwa wanabadilisha magogo ya kilalo, yaani daraja letu la miti juu ya kijito. Asiyetokea hutozwa kuku. Wote wanaichukia salongo, na wote wanapita juu ya kilalo.

Kapita wetu ni baba yangu mkubwa. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyenisomesha, kwa mchele na karanga alizozisukuma kwa baiskeli hadi soko la Kasongo. Unaona njia aliyopita: juu ya kilalo hicho hicho. Mimi wakati ule sikuiona.

Akaja mgombea. Mfanyabiashara, mzaliwa wa kwetu lakini mkazi wa mbali, aliyetaka kiti cha ubunge wa jimbo, yaani kuwa depite. Watu walianza kumwita Onorable kabla hata kura moja haijapigwa. Alikuwa na pikipiki, na triko, yaani fulana, na kofia zenye sura yake, ila hakuwa na la kusema. Mimi nilikuwa na mengi ya kusema na sikuwa na pikipiki. Tulipatana upesi.

Akanifanya dirikteri wa kampeni. Siku ya kwanza akaniuliza, "Dirikteri, hawa watu wanataka nini?"

Wengine wote walikuwa wanaahidi dawa na shule. Mimi nikamjibu, "Hawataki salongo."

Alicheka mpaka akafuta macho. "Ah, kumbe masomo ni kitu!"

Nikaandika hotuba, na kijijini kwetu nikaisoma mwenyewe. Nilisema salongo ni mabaki ya ukoloni, siku za mababu zetu kusukumwa barabarani kwa fimbo. Hilo lina ukweli, na hata leo silikani. Lakini lilikuwa nusu ya ukweli, na nusu ndiyo inayopendeza kwenye mikrofoni.

"Kule Kinshasa wanatengenezaka barabara na jembe?"

"Hapana!"

"Sasa ninyi ni watumwa wa nani? Tukichagua mutu yetu, salongo imekwisha. Mashini ndiyo itafanya kazi. Na mutu akiwagongea tena ile chuma, mumuulize: depite iko wapi?"

Vijana waliruka. Wanawake walipiga vigelegele. Halafu nyuso zote zikageukia benchi la mbele, alipokaa baba mkubwa. Naye akacheka kidogo, kama mzazi anavyocheka mtoto wake anapomwaga mboga mbele ya wageni.

Jioni aliniita.

"Mutoto wangu, ule depite yako anakatakaka miti?"

"Baba mukubwa, mambo ya leo hauwezi kuyaelewa."

"Pengine. Wewe unayaelewa?"

Nikasema nina mkutano mwingine, nikaondoka. Nilielewa vizuri sana. Daftari langu la chuo lilikuwa na somo zima juu ya kazi ya mbunge: kutunga sheria, kupitisha bajeti, kuisimamia serikali. Juu ya magogo hapakuwa na mstari. Nilifanya mtihani wa somo hilo, na nikafaulu.

Tulishinda. Tena kwa mbali.

Kushinda ni kazi nyepesi, nakwambia. Unatafuta kitu ambacho watu wamekichoka, unakitukana mbele yao kwa sauti kubwa, basi. Kutawala ni kuamka asubuhi inayofuata na kukikuta kitu kile kile mlangoni, kinakungoja. Sisi tulikuwa na ratiba ya kila saa hadi siku ya kura. Kwa siku iliyofuata hatukuwa hata na kipande cha karatasi. Tulikula mbuzi, tukacheza, na kabla wiki haijaisha Onorable alikuwa amekwenda Kindu na pikipiki zake zote.

Alhamisi ya kwanza baba mkubwa aligonga chuma. Walitoka wazee watatu. Vijana walikaa vibarazani na kofia zetu kichwani, wakaulizana kwa sauti, "Depite iko wapi?" Alhamisi ya pili alitoka mzee mmoja. Ya tatu baba mkubwa hakugonga tena.

Nilikwenda Kindu. Nilimngoja sebuleni kwake siku mbili, pamoja na watu wengine waliokuja na bahasha zao. Nilipopata nafasi nikamwambia kilalo kinaoza, mashini tuliyoahidi inangojwa.

Alinitazama kwa huruma. "Wewe si ulisoma? Depite anajengaka barabara? Ni katika sheria gani? Nionyeshe."

Alikuwa amenijibu kwa daftari langu mwenyewe.

"Ulinisaidia kupita, asante. Sasa tufikiri kura ingine. Kiti cha Kinshasa. Uniandikie kitu kitamu kama kile cha salongo."

Ningependa kukuambia kwamba nilikasirika nikatoka. Sikutoka. Niliomba kwanza muda wa kufikiri, na nikala chakula chake.

Mvua zikaja. Gogo la kwanza likakatika, watu wakapita pembeni. La pili likaondoka na maji. Wenye baiskeli wakaanza kuzibeba kichwani, huku wakimtukana depite. Kumtukana depite kulikuwa rahisi kuliko kukata mti, nao walijifunza kwangu kuchagua rahisi.

Baba mkubwa alikuwa na henia ya miaka mingi, aliifunga kwa kitambaa akaendelea kulima. Asubuhi moja, nikiwa nimerudi kijijini, ilikaza kama jiwe, akaanza kutapika. Muuguzi wa kituo chetu alimgusa tumbo, akasema, "Kasongo. Leo, si kesho." Tulimkalisha kwenye pikipiki, katikati ya dereva na mimi, naye akanilalia kifuani kama mtoto.

Kijitoni lilikuwa limebaki gogo moja, limelowa, na maji yamefika juu yake.

"Mimi sipite pale," dereva akasema. "Nitakuulia muzee yako."

Nilikimbia kurudi, nikashika jiwe, nikagonga chuma kwa nguvu zangu zote. Watu walitoka milangoni, wakanitazama. Kijana mmoja niliyempa kofia kwa mkono wangu akaniuliza kwa upole kabisa, "Dirikteri, depite iko wapi?" Wengine wakacheka.

Hakuwa na ubaya. Alijibu kama nilivyomfundisha.

Niliposema nani yuko kijitoni, walikimbia wote, wakinipita. Haki yao niwape. Lakini magogo hayakatwi kwa mbio. Tulifunga blanketi kwenye miti miwili, tukafanya kipoyi, tukamvusha mabegani, maji yakitufika kifuani. Ng'ambo hapakuwa na pikipiki. Tulitembea naye, akigumia, mpaka tukapata nyingine mbali sana, na hospitalini tulifika alasiri.

Daktari alimpasua, akakata kipande cha utumbo kilichokwisha kufa. "Mungemuleta asubuhi, ingekuwa kazi ndogo," akasema, akaenda kunawa mikono.

Aliishi. Lakini hashiki tena shoka, habebi ndoo ya maji, na kazi ya ukapita ameiacha. Mtu aliyekuwa wa kwanza kuingia kijitoni kila mwaka sasa anaoga kwa kusaidiwa na mke wake.

Nilipiga magoti kando ya kitanda chake, nikamwomba radhi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Inuka. Mimi usiniombe, mimi sikukupigia makofi. Enda kuomba wale walipiga."

Basi nilikwenda. Jumapili moja niliwaita, Wakristo wakitoka kanisani na Waislamu wakitoka majumbani mwao, nikasimama bila mikrofoni. Nikawaambia depite hajengi kilalo, nilijua hivyo tangu mwanzo, niliwadanganya ili mtu wangu apite. Nikasema serikali tuendelee kuidai barabara, ni haki yetu, lakini mpaka ije, salongo irudi, la sivyo tutazikana kijitoni.

Mama mmoja auzaye mihogo akainua kidole.

"Sawa, mwanangu, umesema vizuri. Sasa wewe mwenyewe unatafuta kiti gani?"

Kicheko kikapasuka. Nikaapa sitafuti kiti chochote.

"Wote wanaanzaka hivyo," mtu akasema nyuma.

"Mutuletee triko safari hii," mwingine akaongeza. "Ile ya kwanza imekwisha kupasuka."

Nilijaribu kuendelea. Kadiri nilivyosema kwa uchungu ndivyo walivyotikisa kichwa kwa kuridhika, kama watu wanaotazama fundi kazini. Kuna mzee alinipa mkono mwishoni, akanihakikishia kwamba kura yake ninayo.

Hiyo ndiyo gharama niliyolipa, msomaji mwenzangu. Nina diploma, nina ulimi, na sina hata neno moja ambalo mtu wa kwetu atalichukua kama lilivyo.

Wewe kijana msomi unayeandikia mtu hotuba wakati huu, kaa chini kabla hujampelekea. Usijiulize kama watu watashangilia. Watashangilia. Jiulize unachokibomoa kwa neno hilo nani alikuwa anakibeba, na kesho yake atakibeba nani. Usipojua, chana karatasi. Na wewe unayeshangilia, muulize msemaji anachokijua yeye na wewe hukijui: kiti anachoomba kina kazi gani? Mngeniuliza hilo siku ile, mbele ya mikrofoni, ningenyamaza.

Alhamisi iliyopita tulitoka watu watano. Tuliangusha mti mzuri, mgumu, usiooza upesi, tukauchonga mpaka saa sita. Gogo kama lile linataka mabega kumi na mawili. Tuliliacha pale pale lilipoanguka, na waliopita na baiskeli kichwani walitusalimia kwa heshima, wakaendelea kushuka majini.