Kisu cha Baba Juu ya Mkeka

Sokoni Tsoka, hapa Lilongwe, muuza miwa wa kwetu Bukavu alifungua kisu cha kukunja kwa ukucha. Harufu ya chuma kilicholowa utamu ikanirudisha kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kwenye mkeka wa nyumba yetu.

Kwetu kisu hakitolewi mkono kwa mkono. Wanasema kinakata undugu. Huwekwa chini, mwenyewe akiokote. Siku moja Baba aliweka kisu chake cha mpini wa pembe mbele yangu na kaka yangu mkubwa. Mimi, binti yake, ndiye niliyekuwa nakinoa na kukipaka mafuta. Nikanyoosha mkono.

"We, acha! Iko ya yaya yako," Baba alisema, akimwonyesha kaka kwa kidevu.

Kaka akacheka. "We utafanya nayo nini? Utakoroga nsima, ugali wa huku?"

Akakiokota, akakikunja, tak! Nilimwonea wivu uzito ule, mlio ule, hata tundu ambalo kisu kilikuja kulitoboa mfukoni mwake.

"Niuzie kisu hicho," nilimwambia muuza miwa.

"Dada, na mi nimenye miwa na meno?" Akaninyooshea. "Shika tu, uone."

"Hapana. Weka chini."

Akakiweka juu ya maganda. Nikainama, nikakiokota mwenyewe.