Zumari Juu ya Theluji

Kila Juni shangazi yangu Feride huwapandisha watu kwenye maziwa ya milima ya Kaçkar, Uturuki, na kila Juni roho yake huwa juujuu njia nzima. Theluji inakuwa bado haijaisha, na chini yake maji yanakimbia.

Mwaka huu alitupekua mikoba kabla ya kuondoka, akaanza na Yılmaz, mpiga zumari wetu.

"Yılmaz, zumari umeliacha?"

"Nimeliacha, Shangazi."

"Ole wako! Sisi Wahemşin wa milima hii tukisikia zumari tu, akili kwisha, ni duara la ngoma na kutwanga miguu. Mtatwanga nyumbani!"

Tulifika ziwani salama. Hapo Yılmaz, mwongo mkubwa, akachomoa zumari lake la kiriba cha ngozi kutoka ndani ya koti, akalipuliza. Kabla sijameza mkate niliokuwa nikiutafuna, tulikuwa tumeshashikana mikono, tunatwanga theluji iliyofunika maji.

"Tokeni hapo, mtazama!" Shangazi alikuja mbio, akanidaka mkono anivute.

Chini yetu theluji ikalia kama mlango mkuukuu. Zumari likanyamaza. Sote tukaganda.

Katika ukimya ule, miguu miwili tu iliendelea kutwanga. Ilikuwa ya Shangazi.