Siku Nilibebwa Kama Mufu mu Mususa

Bon, mucheke mumalize kwanza, juu nikishaanza sitaki mutu anikate. Ile habari munasikiaka ku Butembo, ya kijana mwenye alibebwa mu sanduku ya mufu na yeye iko muzima, batu wanalia nyuma yake, kijana yule ni miye. Hapana ndugu ya rafiki, hapana jirani wa mutu. Ni miye Kambale, na uso mweupe wa unga ya muhogo. Miaka yote nilikuwa nakataa. Leo nimechoka kukataa, na nayua kama nikimaliza mutaniona mujinga, mais mujinga mwenye anasema ukweli.

Ilikuwa wakati wa vita (usiniulize vita gani, kila kikundi kilikuya na jina yake na barrière yake ya kusimamisha batu). Nilikuwa mu sixième primaire, darasa ya sita, na ndevu tatu ku kidevu, juu kila mara tulikimbia, nikirudi nilirudilia darasa, mupaka nikawa murefu kupita ubao. Mwalimu yetu Zakaria akasema siku ya proclamation, wakati wazazi wanakuya kusikia points ya batoto, tutafanya théâtre. Aliiandika yeye mwenyewe. Iko kijana, ndugu mukubwa yake amekufa, kijana anakataa kulia, anashuka chini ya mto mupaka inchi ya bafu, ya batu wenye walikufa, kule kunalindwa na chui ya macho tatu, anataka amurudishe mukubwa ku nyumba. Anamukuta. Lakini mukubwa anamwambia: "Mimi sirudi. Rudi wewe, ukajue wewe ni nani." Weee! Sisi batoto tulibaki midomo wazi. Chui ya macho tatu!

Bote balitaka kuwa chui. Mimi nikaomba kuwa mufu. Mwalimu akashangaa, mais sikumwambia sababu, na ninyi njo nitawaambia: sababu ilikuwa yaya yangu, ndugu yangu mukubwa, Mumbere. Alienda Kasugho kuvuna muhogo ku shamba ya wazazi ba mama, vita ikapita kule, na tangu pale hatukusikia kitu. Miaka mbili. Mutu moja akasema alimuona Beni, mu soko ya Beu, anauzisha sabuni. Mama akaenda Beni, akakaa kule wiki muzima, akaangalia kila muuzisha sabuni mu uso mupaka bakamufukuza. Akarudi. Hakulia. Kwetu kulia ilikatazwa, juu kulia ni kusema amekufa. Kila jioni sahani yake ya bati iliwekwaka, na kila asubui ilitolewaka vile vile, safi. Na mimi nikaanza kuvaa jacket yake, kukaa ku kiti yake, kukohoa kama yeye, na kama mama anakosea ananiita "Mumbere", niliitika tu, "karibu mama". Nilifikiri ninamusaidia.

Sasa mu théâtre mufu aliitwa Mwana wa Mufalme, sijui wa wapi huko. Nikamwambia mwalimu: "Aitwe Mumbere." Akaniangalia sana, akasema: "Sawa, aitwe Mumbere." Njo kale kamaneno kadogo kalileta yote. Juu munayua, kwetu majina inafuata kuzaliwa: mutoto mwanaume wa kwanza ni Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, inaenda ivyo. Ukiita Mumbere mu barabara ya Butembo, nusu ya barabara inageuka. Nilinyonya hiyo mu maziwa ya mama, mais siku ile akili ilibaki ku nyumba.

Tena iko mambo ya sanduku. Mwalimu alitaka tutengeneze ya carton. Mimi nikasema jamais, Mumbere hatalala mu carton ya samaki ya chumvi! Nikaenda kwa Papa Isaya, seremala wa quartier yetu Mususa.

"Sanduku ya kufanya nini, we mwenye ndevu tatu?"

"Ya théâtre, papa."

"Batu wanakufa kila siku, na we unataka kuigiza?"

"Njo sababu, papa."

Akapiga randa yake mara mbili tatu, kisha akanionyesha moja ku kona. Alikosea vipimo, ilitoka fupi, na mu ubao ya pembeni kulikuwa tundu, fasi kifundo ya muti kilianguka. "Utaikunja miguu," akasema. "Na irudi bila alama hata moja. Iko mutu wa kweli ataingia mule." Nikasema wasingya, njo asante ya kwetu, wasingya papa, nikainama mara kumi.

Siku ya proclamation tulienda kuichukua, mimi na rafiki yangu Kakule na batoto batatu ba darasa. Kwa Papa Isaya kulikuwa kioo, njo kule Kakule alinipaka unga uso muzima, na nikavaa jacket ya yaya. Tukatoka. Mais njia ya masomo, ya kwenda shule, inapita ku bomba ya maji, na ku bomba kulikuwa mabinti bote ba quartier (ile ingine nilikuwa nimeiandikia barua, tuache hiyo). Mimi nipite pale na uso kama mandazi haijapikwa? Nikasema: "Naingia mu sanduku. Munibebe."

"Uko muzito!" Kakule akasema.

"Beba, utaenda mbinguni."

"Utafika we mbele, uko tayari mu sanduku!"

Nikaingia, magoti ku kidevu. Ku mutelemuko kifuniko kikaanza kuteleza, bakakifunga na kamba ya mbuzi, fundo tatu. Mimi mule ndani nacheka. Naangalia mu katundu, naona miguu ya mabinti inapita, hakuna mwenye aliniona, nasema Kambale uko na akili! Muone sasa.

Mbele kidogo ilikuwa barrière, hapana ya kila siku, iliwekwa asubui ile. Nikasikia sauti ya soda, askari wa barrière: "Nani akufi?" Anauliza nani amekufa. Kakule angesema théâtre. Mais fikiri: unamwambia soda kama mu sanduku yenye imefungwa na kamba iko kijana muzima mwenye ndevu? Wakati ule ndevu tatu ilitosha wakubebeshe masasi ya bunduki mupaka pori. Kakule akasema: "Ni Mumbere, chef."

"Na mbona hamulie?"

Swali ya maana kabisa. Kwetu mufu mwenye anapita bila kilio, ni muchawi, ao mu sanduku iko bunduki. Basi Kakule akaanza kulia. Alilia mubaya, kama mbuzi yenye ilikuwa mwenye ile kamba. Lakini pembeni ya njia mama moja alikuwa anauzisha mboga ya lengalenga, akasimama: "Maskini! Batoto wanabeba mukubwa yao peke yao!" Akaacha kikapo yake chini, akatoa kilio ya kweli, ile ya mama, ile inaanzaka ku tumbo.

Na kilio kwetu haiulizi. Ukiisikia, unaacha kitu yenye uko nayo ku mukono, unaenda, utauliza jina mbele. Nikasikia milango ya maduka inafungwa, nikasikia cherehani inanyamaza, katika tundu nikaona kofia zinashuka ku mikono ya wanaume, na soda mwenyewe anainua barrière. Kisha sauti nene: "Leteni, bana, mumechoka." Wakubwa wakatwaa sanduku! Kakule anapiga kelele, "Hapana papa, acha tu, tutabeba," wanamwambia "Pole mutoto, lia tu, lia." Wakauliza wanipeleke wapi, akasema ku masomo. "Ah, kumbe alikuwa mwalimu!" Nikapanda cheo mule mule ndani.

Pale ningepiga ubao, nilie "niko muzima!" Mutaniuliza mbona sikufanya. Mukuwe mu sanduku, batu mia wanaimba nyuma yenu, kisha mufu aseme bonjour, muone kama hamutachomwa. Nikasema ninyamaze mupaka ku masomo, mwalimu ataeleza.

Mais jina ilikuwa imekimbia mbele yetu. Mutu anauliza, "Mumbere yupi?" Mwengine anajibu bila kujua kitu, "Wa njia ya Kasugho, naona." Na nikaanza kusikia bamama. "Ni yangu? Jameni, ni Mumbere yangu?" Hapana sauti moja. Ilikuwa ine, tano, zinatoka kila upande, zinakimbia. Mu Butembo ya wakati ule, nyumba ngapi zilikuwa na Mumbere mwenye alienda na hakurudi? Sikufikiria hata siku moja. Nilifikiri ni mimi tu niko na yaya.

Kisha katika tundu nikaona biatu ya plastiki, mumoja kamba ya kijani, mwengine kamba ya bluu. Niliyua ile biatu, ililalaka ku mulango yetu. Zilikuwa zinatembea karibu kabisa na sanduku, pole pole, na mwenye kuvaa hakuwa analia. Alisema tu, "Mufungue." Wakamwambia, "Mama, tufike kwanza." Akasema tena, "Mufungue." Ile unga yote ku uso wangu ikageuka uji.

Tukafika. Wakaniweka juu ya estrade, ile jukwaa ya théâtre, mbele ya wazazi bote na directeur mu costume yake. Mwalimu Zakaria anaangalia ile watu inajaza kiwanja, hajui acheke ao akimbie. Panga ikapita ku kamba, traap! (ikakwaruza ubao, Papa Isaya unisamehe), kifuniko kikaanguka, na mimi, miguu imekufa ganzi, nikasimama.

Mama yangu wee! Viti zilipinduka. Directeur akaingia chini ya meza ya bulletins. Chui ya macho tatu, mutoto wa quatrième mwenye alikuwa anangoja zamu yake, akaruka lupango, ile ukuta ya kiwanja, jicho moja lilipatikana kisha siku mbili. Mutu akaokota jiwe. Mama peke yake hakukimbia. Akapanda estrade, akanishika kidevu, akapitisha kidole ku shavu, unga ikatoka, akaona ngozi. Akageukia wale bamama bengine.

"Ni Kambale," akasema. "Ni mutoto wangu, mujinga."

Akanipiga kofi. Unga ikaruka juu kama moshi. Hakuna mwenye alicheka. Na chini pale mama moja, mwenye sikumuyua, akauliza pole pole, hapana na hasira, njo ilikuwa mubaya kupita kofi: "Na yangu sasa, iko wapi?"

Nilitaka kufuata chui. Mais nikajiambia, Kambale, umewaleta hapa na uongo, hautawarudisha na mikono mitupu. Nikashika sanduku, nikasema: "Bamama, munisamehe. Ni théâtre. Ni théâtre ya Mumbere. Mukae, mutuache tumalize, kisha mutanipiga bote."

"Tumalize nini?" mwenye jiwe akasema.

"Wewe kaa," mama akamwambia. Yule mwanaume akakaa na jiwe yake ku magoti.

Tukaanza. Chui hakuna, mwalimu Zakaria mwenyewe akavaa mufuko ku kichwa akanguruma. Mto ilikuwa drap ya kitanda, ya bluu, Kakule akapita chini yake, na safari hii alilia kama mutu, hapana kama mbuzi. Akafika kwangu: "Mumbere, twende ku nyumba." Nikafungua kinywa. "Mimi sirudi," nikasema, mais sikuangalia Kakule, nilikuwa naangalia biatu ya kijani na ya bluu. "Mimi sirudi. Rudi wewe, ukajue wewe ni nani." Kisha pale nikasahau maneno yote ya mwalimu, na kinywa ikaongeza yake: "Na sahani yangu, muitoe."

Kilio ikaanza nyuma, kwa yule mama wa "na yangu iko wapi", ikakuya mbele, kiti kwa kiti, na mwisho kabisa ikafika kwa mama yangu. Miaka mbili ilitoka siku moja. Wale wamama walishikana, kila mumoja na Mumbere yake, na yule wa lengalenga katikati. Proclamation haikusomwa (points zangu zilikuwa mubaya, hakuna aliyesikia, njo faida yangu moja). Papa Isaya, vacances muzima, wakati masomo imefungwa, nilimupigia randa, mupaka ule mukwaruzo ukaisha na ngozi ya mikono pia. Mupaka leo nikipita ku bomba wanaitana, "Mufu anapita, mutoe kofia!" Naapa mbele yenu: sanduku sitaingia tena mupaka siku yangu, na hata siku ile mutapiga ubao kwanza muhakikishe. Na jina yenye haiko yangu, sitaitika tena.

Tulirudi ku nyumba mimi na mama, jua bado iko. Nikavua ile jacket, nikaikunja, nikaiweka ku kiti ya yaya, mimi nikabaki nimesimama ku mulango na unga yangu. Mama akatwaa ile sahani ya bati, akaipanguza, akaipandisha juu ya kabati. Akatoa ingine. Kisha akaniambia:

"Mumbere sikumupata leo. Mais miaka mbili hii, na Kambale nilikuwa nimemukosa. Nawa ile unga, baba, uye ukule ku sahani yako."