Sato mwenye vitoto mdomoni

Leo nimemuua samaki niliyetaka kumwacha aishi.

Jamani, nisikieni.

Lambo letu hapa Kasoli limebaki tope na maji ya magotini. Kijijini tulikubaliana: ukinasa sato jike, mrudishe. Hao ndio mbegu yetu mvua ikirudi.

Asubuhi ndoano yangu ikanasa jike. Mkubwa kweli.

Nikajisemea, leo nitaonyesha mfano. Nikamshika kwa mikono mikavu, nikambana asiteleze, nikainua simu nimpige picha.

Akafungua mdomo.

Vikaanza kumwagika vitoto! Vidogo kama punje za ulezi, vina macho, vinarukaruka kwenye udongo wa moto. Kumbe sato hulea wanawe mdomoni. Miaka yote hii nakula sato, sikujua.

Nikatupa simu, nikawa navizoa pamoja na vumbi, navitia majini.

Mayu Nkwimba, mama jirani yangu aliyekuwa anachota maji, akaja mbio. "Mrudishe mama kwanza! Lowesha mikono, unamchubua!"

Nikamrudisha. Akalala ubavu. Nikamshikilia wima majini, taratibu, apate pumzi. Nikimwachia, analala tena.

"Mwache, mwanangu," Mayu akasema. "Amekwisha."

Tumezunguka lambo hadi mchana. Hatujaona jike mwingine.

Nyie mnaojua samaki, niambieni ukweli hata kama unauma: vile vitoto vichache nilivyowahi kuvirudisha majini, vinaweza kuishi bila mama?