Mtani Wangu wa Klabu ya Ndege

Miaka ile Mreno alikuwa bado ng'ambo ya Ruvuma, nasi wa juu ya uwanda wa Newala tulikuwa tumezoea kulisikiliza anga kabla ya kulitazama. Shule niliyofundisha ilikuwa na mahandaki nyuma ya madarasa, na mlio wowote wa injini usiokuwa wa lori la korosho uliwafanya wanafunzi waweke kalamu chini. Mahali kama hapo mtu mwenye busara asingeanzisha klabu ya ndege ndogo zinazoongozwa kwa redio. Sisi tuliianzisha. Nimelichunguza neno hilo "sisi" kwa miaka mingi, na kila mara nafikia jibu lile lile: klabu ilikuwa yetu, lakini wazo lilikuwa la mtani wangu.

Yeye alikuwa Mngoni wa Songea, fundi umeme katika hospitali moja ya misheni chini ya uwanda. Mimi ni Mmakonde wa Kitangari. Babu zake waliwahi kuwajia babu zangu na mikuki, nasi wajukuu tukarithi utani. Aliweza kuingia nyumbani kwangu, akafunua chungu, akala mboga yote, kisha akamlaumu mama yangu kwamba chumvi imezidi. Mama alicheka. Nami nilipofika kwake nilichukua kofia yake msumarini nikaondoka nayo. Mambo haya yana sheria moja tu, na sheria hiyo ni kwamba mtani hakasiriki.

Daktari mmoja wa kigeni alipomaliza mkataba wake alimwachia sanduku. Ndani mlikuwa na injini inayoenea kiganjani, kipokezi cha mawimbi, na kisanduku cha kuongozea chenye vijiti viwili na antena ndefu. Kilichokosekana ni ndege yenyewe. Mchoro ulitaka mbao laini za mti usioota kwetu. Nilikwenda kwa mjomba wangu, mchongaji, nikamwomba kipande cha ule mti mwepesi ambao huchongewa mapiko, vinyago vinavyovaliwa kichwani vijana wanapotoka jandoni. Mjomba alikigeuzageuza kile kipande muda mrefu kabla ya kunipa. Alinipa kwa sharti kwamba nisikipasue mbele ya wanawake, kwa kuwa kwake yeye mti ule hauachi kuwa wa mapiko kwa sababu tu mwalimu ameutia msumeno. Basi mabawa ya ndege yetu yalipasuliwa ndani ya stoo ya sayansi, mlango umefungwa.

Mwanachama wa tatu alikuwa Bwana Shamba, mtu wa Bukoba, mrefu na mpole, ambaye kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu kupogoa mikorosho. Yeye alituletea mafuta ya mbarika kutoka kwa akina mama wa Mkunya. Injini ile ilikunywa mafuta ya mbarika, mafuta ya taa na etha. Etha, ile dawa ya usingizi ya hospitali, aliileta mtani, katika chupa za kahawia.

"Hospitali hawatakuuliza?" nilimwambia siku ya kwanza.

"Masalio, mtani. Chupa za zamani, zinamwagwa. Au Mmakonde anaogopa harufu?"

"Naogopa wewe utainusa ulale njiani."

"Nikilala nitaota nawachapa tena."

Tulirushia ndege katika uwanja wa kijiji kipya cha ujamaa. Ulikuwa umefyekwa kwa ajili ya zahanati ambayo ilikuwa bado haijaja. Watu walikuwa wamehamishiwa hapo karibuni, wakiwa wameacha mikorosho yao mbali, na hawakuhitaji hofu nyingine. Kwa hiyo tulijiwekea utaratibu: kabla ya kuwasha injini, mmoja wetu aligonga ile ringi ya gari iliyotundikwa kuwa kengele, mapigo mawili mawili, taratibu. Mapigo ya haraka yalikuwa ya kukimbilia mahandaki, na haya yetu yakajulikana kuwa ya ndege ya walimu. Baada ya wiki chache wanawake waliotoka kuteka maji hawakushusha tena ndoo zao waliposikia mlio. Walitazama juu kidogo, wakaendelea kutembea.

Mimi nilikimbia na ndege mkononi na kuiachia. Mtani alishika vijiti. Ilipanda kwa kusitasita, kisha ikapata hewa ya ukingo wa uwanda, ile inayopanda kutoka bondeni, ikatulia kabisa. Ilizunguka juu ya mikorosho na kurudi. Sina namna ya kueleza furaha ile bila kuiharibu. Nitasema tu kwamba mti wa mapiko ulikuwa angani, na mjomba wangu, ambaye alikuja mara moja na kujifanya anapita, alivua kofia.

Mwaka huo nilikuwa nikisubiri kwenda chuo kikuu kusoma shahada ya pili. Nafasi ilikuwepo. Kilichobaki ni neno la Katibu wa Chama wa eneo letu, athibitishe kwamba mwombaji ni raia mwema. Katibu alikuwa mgeni, ametoka bara, mtu wa maneno machache. Alipotuomba tuwarushie wananchi ndege siku ya mkutano wa kijiji, nilikubali haraka, na nadhani sababu haihitaji maelezo.

Ndege iliruka vizuri. Ilipotua watu walipiga vigelegele, na mtani akapanda juu ya benchi.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Msimshangilie Mmakonde huyu. Ana mashemeji ng'ambo ya mto. Ndege hii inampelekea Mreno salamu zake, na Mreno akimjibu tutaona mabomu!"

Uwanja mzima ulicheka. Bibi mmoja aliyekaa mbele alifuta machozi kwa khanga. Kila mtu pale alimjua mtani wangu na alijua zamu inayofuata ni yangu. Nilipanda benchi.

"Ni kweli," nilijibu. "Na Mngoni huyu ndiye anayenitilia mafuta, maana babu yake alisahau mkuki kule."

Walicheka zaidi. Katibu hakucheka. Nilimwona, nikafikiri: mgeni huyu hajui utani wetu, itabidi mtu amweleze.

Siku iliyofuata mgambo walikuja stoo, wakachukua ndege, kisanduku na chupa zote. Mimi niliitwa ofisini. Nilikwenda nikiwa mtulivu, na utulivu ule ndio unaonitia aibu hadi leo, kwa kuwa nilikwenda kama mwalimu anayekwenda kufundisha. Nilimwamkia Katibu, nikaketi, nikaanza kumweleza asili ya utani, vita vya Wangoni, wajibu wa watani misibani, na kwa nini jibu langu la kwenye benchi lisingeweza kuhesabiwa kuwa kukiri. Nilipanga hoja zangu vizuri. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu," alisema, "utani naujua. Hata kwetu upo."

"Basi, ndugu Katibu..."

"Mwenzako alikuja hapa baada ya mkutano. Alikaa kwenye kiti hicho hicho ulichokalia. Nikamwambia, ndugu, nimesikia utani wako. Akaniambia, ndugu Katibu, pale nilitania ili watu wasishtuke. Hapa sitanii."

Nakumbuka niliinuka kwenye kiti kile kana kwamba kilikuwa na maji.

Nilipokwenda kumtafuta hospitalini alikuwa karakanani na wenzake wawili, wakitengeneza feni.

"Mtani!" alipaza sauti. "Hawajakufunga? Chama kimelegea siku hizi!"

Wenzake walicheka. Nilimwomba tuzungumze nje. Akanifuata mpaka nyuma ya tangi la maji, na hapo uso wake ulibadilika, ukawa uso wa mtu ambaye sikuwahi kukutana naye.

"Wakubwa wa hapa waliniuliza habari za etha," alisema kwa sauti ndogo. "Haikuwa masalio. Nilipaswa kusema ilikwenda wapi."

"Ungesema ilikwenda kwenye ndege."

"Ningefukuzwa. Nikasema uliniambia ni kazi ya serikali, ya mpakani. Kisha ikabidi nieleze kazi gani, nikasema nimegundua ni ya Mreno." Alitazama chini. "Nina watoto wanne, mtani."

"Na mimi?"

"Wewe msomi. Utajitetea."

Mtu alipita na toroli. Palepale mtani alinipiga begani na kucheka kwa sauti: "Huyu Mmakonde amekuja kunidai mkuki!" Yule wa toroli akacheka, na mimi, Mungu wangu, mdomo wangu nao ukaanza kutabasamu kwa mazoea.

Hakuna aliyenifunga. Niliambiwa tu nisitoke Newala bila ruhusa, na nafasi yangu ya chuo ikapewa mwingine. Bwana Shamba alihamishwa kabla ya msimu wa korosho. Alikuja kuniaga giza lilipoingia, akanishika mkono. Ndege iliwekwa juu ya kabati la ofisi, na mchwa, ambao hawajali mti wa nini, wakayamaliza mabawa. Vita viliisha. Katibu alihamishwa. Hakuna aliyerudi kulifuta lile neno, kwa kuwa halikuwahi kusemwa mbele ya watu isipokuwa kama mzaha, na mzaha haufutwi.

Chuo nilikuja kukiona baadaye, ndiko ninakoandikia haya. Wenzangu huniona mzito. Mtu akitania mezani, mimi hutazama kwanza nani mwingine yumo chumbani.

Kabla ya hapo, baba yangu alifariki Kitangari. Watani walikuja, kama inavyopasa, nao wanajua kazi yao: kuwachekesha wafiwa, kumwigiza marehemu, kuficha jembe la kuchimbia kaburi mpaka wapewe chochote. Mtani wangu alikuja nao kutoka bondeni. Aliketi kitandani kwa baba, akajifunika shuka lake, akakohoa kikohozi chake hasa, kile cha alfajiri. Mama yangu, aliyekuwa hajala tangu jana yake, alicheka na kulia kwa pamoja. Kwa kila kipimo nilichofundishwa, alifanya vizuri kuliko wote.

Nilimvuta shuka. "Toka," nilimwambia. "Toka nyumbani kwa baba yangu."

Mjomba wangu, yule mchongaji, aliinuka taratibu.

"Mwalimu," alisema, "mtani hafukuzwi msibani."

"Mjomba, huyu alikwenda ofisini..."

"Yalikuwa maneno ya mtani. Sote tulikuwa pale uwanjani. Tulisikia, tulicheka. Nawe ulicheka."

Nilitazama nyuso zile, moja baada ya nyingine, nikitafuta mmoja anayejua. Walikuwa watu wema, wamechoka, na walikuwa wakinionea haya mimi. Wazee walikaa pembeni, wakakubaliana bila mabishano: mwenye kosa ni mwana wa marehemu, atampa mtani kuku, na mazishi yaendelee.

Kuku alikamatwa nyuma ya jiko, nikawekewa mikononi. Nilitembea naye mpaka alipokuwa amesimama mtani wangu, mbele ya wote. Alimpokea kwa mikono miwili, kwa heshima. Kwa kitambo kifupi sana alinitazama kwa uso ule wa nyuma ya tangi. Kisha akampima kuku uzito, juu na chini.

"Mwembamba, mtani," alisema.

Uani kote watu walicheka kwa faraja, na mama yangu pamoja nao. Wanaume wakachukua majembe, nami nikawafuata kwenda kumzika baba.